Kukodi gari ng'ambo: yanayosemwa Nairobi na yanayokungoja kaunta

Mkenya anayeshuka Johannesburg, Dubai au Milano akiwa ameshalipia gari mtandaoni huwa hakwami barabarani. Hukwama kaunta, dakika chache baada ya kuchukua begi, kwa sababu ya kadi, leseni au mstari mmoja wa mkataba ambao hakuusoma. Mambo yanayoamua kama utapewa ufunguo, na ni pesa ngapi zitakurudia, hupangwa ukiwa bado Nairobi. Zifuatazo ni dhana ambazo huwatoa watu pesa nyingi zaidi.

"Nimeshalipa mtandaoni, kilichobaki ni ufunguo"

Ulicholipa ni kodi ya gari tu. Dhamana ni hesabu nyingine, na huzuiliwa kwenye kadi yako siku unapochukua gari. Tuseme kampuni inataka dhamana ya euro 1,200. Kwa kiwango cha shilingi 150 kwa euro, hizo ni shilingi 180,000 ambazo lazima ziwe wazi kwenye kadi wakati huo huo. Hoteli ikiwa ilizuia pesa zake jana usiku, au benki yako ikiwa imeweka kikomo cha shilingi 100,000 kwa siku kwa malipo ya nje, mashine itakataa na gari litabaki mahali lilipo. Mara nyingi pesa ulizotanguliza mtandaoni pia hazirudi, kwa sababu masharti yatahesabu kwamba hukujitokeza.

Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo ya plastiki, yenye jina la dereva mkuu. Kadi ya mwenzako haitasaidia hata akisimama kando yako, isipokuwa yeye ndiye anaandikwa dereva mkuu. Kadi ya debiti hukubaliwa kwa baadhi, lakini kwa sharti: ununue bima yao kubwa, au pesa zikatwe kabisa badala ya kuzuiliwa. Tofauti hiyo si ndogo. Pesa zilizozuiliwa huachiliwa jinsi zilivyo. Zilizokatwa hurudishwa kwa kiwango cha siku ya kurudishwa, kwa hiyo shilingi ikiwa imeimarika kidogo, umepoteza bila mtu yeyote kukuibia. Zote mbili huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili tatu.

Kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay ni nzuri kwa kulipia nafasi ukiwa nyumbani. Kaunta haisaidii kitu, kwa kuwa haina plastiki ya kuingiza kwenye mashine.

Kabla ya kuondoka, pigia benki yako simu uulize mambo matatu: kama malipo ya nje yamefunguliwa, kikomo ni kiasi gani, na PIN inafanya kazi kwenye mashine za nchi unayoenda. Na mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya, kataa. Chagua sarafu ya hapo. Kiwango kile cha "urahisi" karibu kila mara ni kibaya kuliko cha benki yako.

"Nikiwa na leseni ya kimataifa, ya Kenya naiacha nyumbani"

Kijitabu kinachotolewa na AA Kenya, ambacho kaunta wanakijua kwa herufi IDP, ni tafsiri rasmi ya leseni yako. Peke yake hakina nguvu yoyote. Askari au mtu wa kaunta atataka vyote viwili, na jina liwe moja na la pasipoti. Tovuti zinazouza "leseni ya kimataifa" kwa dola kadhaa na kuituma kwa barua pepe zinauza karatasi tu; IDP halali hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, na mamlaka yake.

Si kila nchi inaidai. Uingereza humruhusu mgeni kuendesha gari dogo kwa leseni halali ya kwao hadi miezi 12. Afrika Kusini inataka leseni yenye picha na sahihi, iliyoandikwa kwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na Kiingereza kimo. Italia na Uhispania ni habari nyingine: huko ichukue IDP bila kubishana. Dubai pia, kwa mtalii mwenye leseni ya Kenya. Lakini ukishapata viza ya ukaazi ya Falme za Kiarabu, IDP haikufai tena. Sheria inataka leseni ya huko. Vijana wanaofanya kazi Dubai hujikuta hapa, wanaendelea kukodi kwa kijitabu kile kile, kisha ajali ikitokea bima inajitoa.

Sasa itazame leseni yenyewe. Kadi ya NTSA ikionyesha B1, umeruhusiwa gari jepesi la otomatiki. B2 ndiyo ya gia za mkono. Ukichukua gari la gia za mkono Lisbon ukiwa na B1, unaendesha nje ya leseni, na mkataba wa bima una kifungu kinachosubiri kosa la namna hiyo. Kadi iwe ya plastiki mkononi. Picha ya skrini kutoka eCitizen, au karatasi unayotembea nayo ukingoja kadi, haiwaridhishi wengi.

"Bima imo kwenye bei"

Imo, lakini ipi? Ulaya, bima ya kumlipa mtu mwingine utakayemgonga ni ya lazima kisheria na huja na gari. Kinga ya gari lenyewe, ile inayoandikwa CDW, mara nyingi imo pia, lakini ina sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, na sehemu hiyo kwa kawaida inakaribia ile dhamana uliyozuiliwa. Ndiyo sababu wanaizuia. Marekani ni tofauti: bei ya chini kabisa mtandaoni inaweza kuja bila kinga ya gari na bila bima ya maana ya watu wengine, kila kimoja kikiuzwa kivyake kwa siku. Soma kilichoandikwa kwenye nafasi yako, kukisia hakutoshi.

Halafu kuna vitu ambavyo CDW ya kawaida haigusi: tairi, rimu, vioo, paa, sehemu ya chini ya gari, ufunguo uliopotea, mafuta yasiyo sahihi. Mtu anayeenda Namibia aisome orodha hiyo polepole. Barabara nyingi kule ni za changarawe. Mawe hupasua kioo cha mbele na kuchana tairi, na ajali mbaya mara nyingi ni ya gari moja peke yake linaloteleza na kupinduka. Mikataba mingi huweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe, na gari lina kifaa kinachorekodi kasi. Ukipinduka ukiwa 105, kinga imekwisha na gari zima ni lako.

Unaweza kununua kando, kwa bei nafuu kuliko ya kaunta, bima inayorudisha ile sehemu yako ya hasara. Ni ununuzi wa busara mradi uelewe inavyofanya kazi: kampuni ya gari itakukata kwanza, kisha wewe ndiye utadai. Dhamana inazuiliwa vile vile. Ili udai uwe na mkataba, fomu ya uharibifu, risiti ya ulichokatwa, picha na ripoti ya polisi. Falme za Kiarabu, bila karatasi ya polisi gereji hairuhusiwi hata kugusa bodi iliyobonyea, kwa hiyo hakuna kupatana na mwenye gari jingine kando ya barabara kama tunavyofanya Ngong Road.

Na ile bima ya safari uliyonunua kwa ajili ya viza ya Schengen, ya angalau euro 30,000? Ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani. Gari haimo.

"Gari ni gari"

Nairobi imejaa Toyota za otomatiki kutoka Japani, usukani kulia. Ulaya, ukiweka nafasi bila kuandika "otomatiki" mara nyingi utapewa gia za mkono, usukani kushoto, na mkono wa kulia kwenye gia. Lipia otomatiki hata kama ni ghali. Kujifunza mambo matatu mapya kwenye njia ya kutoka uwanja wa ndege si ushujaa.

Hatari ambayo watu hawaitarajii si kupotea upande. Ni gari kusogea kulia. Umezoea kukaa upande wa kulia wa gari, na macho yako yamezoea kuweka mwili wako mahali fulani kwenye leni. Ukihamia kiti cha kushoto, unausogeza mwili pale pale, na gari lote linakwenda nao. Matokeo ni rimu za kulia kukwaruzwa na ukingo wa barabara na kioo cha pembeni kugonga magari yaliyoegeshwa. Rimu na vioo, kumbuka, vimo kwenye ile orodha. Dawa: kwa dakika kumi za kwanza, kila baada ya muda mfupi tazama mstari wa kushoto kwenye kioo cha pembeni, na uuweke karibu kuliko unavyohisi ni sawa.

Mafuta: Afrika Kusini utawekewa na mhudumu kama hapa. Uingereza, Ulaya na Marekani mara nyingi unajaza mwenyewe, na rangi zitakudanganya. Mpini wa kijani Uingereza ni petroli. Marekani mara nyingi wa kijani ni dizeli. Soma maandishi. Ulaya, duara lenye E5 au E10 ni petroli na mraba wenye B7 ni dizeli, na alama hiyo hiyo iko ndani ya kifuniko cha tangi. Ukikosea, usiwashe gari kabisa. Kunyonya tangi ni gharama. Kusafisha mfumo mzima baada ya kuwasha ni gharama nyingine.

"Mpaka ni kuvuka tu"

Gari la kukodi linahitaji barua ya kampuni inayotaja nchi, na barua hiyo huombwa siku kadhaa kabla. Hata la Nairobi likienda Arusha: barua, nakala ya stakabadhi za gari, na Kadi ya Njano ya COMESA kwa bima.

"Nikirudisha ufunguo tumemalizana"

Kazi huanza unapochukua gari. Usikubali kulikagua kwenye orofa ya giza ya maegesho. Washa tochi ya simu, pangusa maji ya mvua yanayoficha mikwaruzo, na piga video moja isiyokatwa. Inama uone mdomo wa chini wa bampa la mbele. Piga kila rimu kwa karibu, kioo cha mbele kwa pembeni ili nyufa ndogo zionekane, paa, kisha dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta. Kila alama iandikwe kwenye fomu kabla hujatoka. Siku ya kurudisha, rudia yote, na hifadhi risiti ya kituo cha mafuta kilicho karibu na uwanja.

Faini ndizo hufika baadaye. Dubai, kupita kwenye lango la Salik, yaani la tozo ya barabara, hurekodiwa na kuongezwa kwenye bili, mara nyingi na ada juu yake. Kivuko cha Dartford, karibu na London, ni cha kulipia lakini hakina kibanda. Lipa mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Miji ya Italia ina maeneo yenye alama ZTL, yasiyoruhusu magari yasiyo na kibali, ambako kamera husoma namba ya gari kila unapoingia. Mara tatu ni faini tatu. Kampuni itakukata kwanza ada ya kuwapa polisi jina lako, na hiyo si faini. Faini yenyewe ina hadi siku 360 kumfikia mkaazi wa nje, kwa hiyo mkataba, video na risiti zikae kwenye barua pepe yako angalau mwaka mmoja.