Mahindi Yakipungua Mpakani, Usidhani Njaa Imeisha

Kazi yangu hapa Kisumu ni kuchambua biashara ya nafaka na sukari, na kuna hitilafu moja inayonikera sana: mtu anaona uagizaji umeshuka, kisha anatangaza kwamba wanunuzi wamepungua.

Bei ikiwa huru, ndiyo husawazisha soko. Ikizuiwa, au kiasi kikiwekewa kikomo, upande wenye kiasi kidogo, uwe wa wauzaji au wa wanunuzi, ndio huamua ni mzigo gani utakaovuka mpaka. Waliobaki hukaa na fedha zao mkononi. Huo ni mgao, hata kama hakuna aliyeutangaza.

Chukua dola. Mwaka 2022 hadi mwanzoni mwa 2023, Benki Kuu ya Kenya ilichapisha kiwango kimoja cha kubadilisha dola, benki za biashara zikauza kwa kingine cha juu, na hata hapo mwagizaji alipewa dola kwa mafungu. Mwenye duka la vipuri alikuwa na shilingi na wateja, muuzaji wa Dubai alikuwa na bidhaa, lakini kontena lilikwama kwa kukosa dola. Machi 2023 serikali ikaafikiana na kampuni za mafuta za Saudia na Falme za Kiarabu, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kuleta mafuta kwa mkopo wa siku 180, ili kupunguza kugombania dola. Shilingi iliendelea kushuka hadi Januari 2024, dola ilipovuka shilingi 160. Iliuma. Hata hivyo naona bei kali iliyo wazi ina haki kuliko dola ya kupewa kwa kufahamiana na meneja.

Busia, mpakani na Uganda, mambo yalikuja kwa sura nyingine. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye ikalegeza: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu huua, kwa hiyo kupima ni lazima. Lakini gharama ya cheti mwenye malori huigawanya kwa mamia ya magunia. Mama mwenye magunia matatu huibeba yote, na njia za panya anazijua. Huko mahindi hayapimwi wala hayahesabiwi, ilhali ugali unapikwa vilevile.

Ndiyo maana kabla ya kuamini takwimu za uagizaji, hulinganisha bei ya gunia la mahindi Mbale, Uganda, na Kisumu. Pengo likizidi nauli, ada na faida ya kawaida, kuna kizuizi kinachogawa mizigo. Pengo likiwa dogo na malori ni machache, hapo nakubali kwamba mahitaji yameshuka.