Mchekeshaji na Fedha Zake: Yasemwayo Barazani na Yaliyo Kweli

Baada ya Isha, pale Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, simu ya mpwa wangu ilizunguka mikono minne. Ilikuwa imefunguliwa ukurasa unaotaja utajiri wa Robert Townsend, Mmarekani aliyeanza kwa kuchekesha watu jukwaani, akawa mwigizaji, kisha mwongozaji wa filamu. Vijana wa leo wanamjua kama baba yake Sydney katika tamthilia ya The Bear. Kahawa haijapoa, mmoja akawa ameshakata shauri: "Mamilioni yote hayo kwa kuchekesha tu! Na sisi twashinda baharini." Mpwa wangu anaitaka kazi hiyohiyo. Nimeona niyaandike niliyomjibu, maana kijana anayeingia kazini na hesabu ya uongo huuza jasho lake kwa bei ya kutupa.

"Hizo ndizo pesa alizo nazo benki."

Sivyo. Kurasa za aina hiyo hukisia thamani ya mali: nyumba, hisa, haki za kazi zake, na madeni zikikumbuka kuyatoa. Hakuna kati yao aliyeonyeshwa akaunti ya mtu. Tena mali si mapato. Mwenye jahazi ni mtu wa mali, lakini kusi likivuma na jahazi limefungwa, huenda akakopa unga dukani.

"Filamu ikiingiza milioni tano, mwongozaji kapata milioni tano."

Filamu ya kwanza aliyoiongoza Townsend, Hollywood Shuffle ya mwaka 1987, iligharimu kama dola 100,000, na tikiti zake zikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 5. Ukisikia hivyo utadhani aliondoka na gunia. Lakini kumbi za sinema hukata fungu lao kwanza, mara nyingi karibu nusu. Kisha msambazaji hujirudishia gharama za matangazo na nakala. Kilichobaki ndicho hugawanywa, na hugawanywa kama mkataba ulivyoandikwa. Wakala naye huchukua asilimia 10 ya malipo ya msanii, meneja ana lake, na kodi inangoja.

Mwaka huohuo Townsend aliongoza Eddie Murphy Raw, filamu ya mchekeshaji Eddie Murphy akiwa jukwaani, iliyoingiza takriban dola milioni 50 Marekani. Pale alikuwa mwongozaji wa kukodiwa, na jina lililojaza kumbi lilikuwa la Murphy. Ukijumlisha mauzo ya filamu hizo mbili ukayaita mapato yake, umemhesabia fedha za watu wengine.

"Alichekesha, akaonekana, akatajirika."

Hapa ndipo ninapotaka mpwa wangu asikilize sana, kwa sababu kisa chenyewe ni kizuri kuliko uvumi. Townsend alizaliwa Chicago mwaka 1957. Alichekesha kwenye vilabu, akagonga milango ya waajiri wa waigizaji, akapata nafasi ndogondogo, ikiwemo katika A Soldier's Story ya 1984. Kilichomkera ni aina ya nafasi alizopewa Mmarekani mweusi kama yeye wakati ule: mwizi, mtumwa, kuwadi. Basi akakusanya akiba yake ya uigizaji, kama dola 60,000, akaanza kutengeneza filamu inayoieleza kero hiyo kwa kicheko, akiandika pamoja na mchekeshaji mwenzake, Keenen Ivory Wayans.

Akiba ikaisha filamu haijaisha. Akaenda kwenye kadi za mkopo, kama dola 40,000. Alitumia mabaki ya mikanda ya filamu yaliyosalia kwenye kazi za watu wengine. Alirekodi kwa siku zisizofika 20, lakini siku hizo zilitawanyika kwa muda mrefu, kwani zilingoja fedha. Hakuwa na pesa taslimu za kuwalipa waigizaji wenzake, kwa hivyo aliwajazia petroli magari yao kwa kadi hizohizo. Mtu huyu alikuwa na deni shingoni kabla ya kuwa na jina, na deni lile ndilo lililomfanya awe mwenye kazi badala ya mwajiriwa. Sisemi mpwa wangu akakope. Nasema asidhani mtu yule alitupiwa bahati akiwa amekaa.

"Ukishafika, umefika."

Filamu yake The Five Heartbeats ya 1991 haikufanya vizuri kwenye kumbi, ingawa baadaye ilipendwa mno nyumbani kwa watu. The Meteor Man ya 1993 haikurudisha gharama zake. Kilichomtuliza ni televisheni: The Parent 'Hood, iliyorushwa kuanzia 1995 hadi 1999. Kazi ya namna hiyo ina mshahara wa kila kipindi, na nchini kwao kuna malipo ya marudio kila kipindi kinaporushwa tena. Malipo hayohayo, yaliyopungua sana zama za kutazama mtandaoni, yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya waigizaji wa Marekani wagome siku 118 mwaka 2023.

"YouTube hulipa kila anayetazama."

Kwanza hailipi chochote kutokana na matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Baada ya hapo wewe mwenye video hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo kwenye video ndefu, asilimia 45 kwenye fupi. Anayetazama bila kuonyeshwa tangazo hakuletei kitu upande huo. Na Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka zuio la kodi la asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni.

"Ni mzaha tu, ataka mkataba wa nini?"

Neno hili linaniuma. Mwambao mzima ulimjua Mzee Majuto wa Tanga. Hakuna nyumba ya rika langu ambayo hakuichekesha. Alipougua, alipelekwa mpaka India, akafariki tarehe 8 Agosti 2018. Katika ugonjwa ule ndipo mikataba yake ya matangazo ilipozungumzwa hadharani, na serikali ya Tanzania ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mtu aliyetuchekesha miongo mizima hakupaswa kufika kitandani ndipo karatasi zake zisomwe.

Wiki iliyopita hoteli moja ilimwita mpwa wangu achekeshe wageni nusu saa, kwa chakula cha usiku na nauli ya boti. Nilimwambia aombe maandishi. "Mjomba, wataniona nina kiburi," akasema. Akaomba, wakampa ukurasa mmoja, akanipigia picha akanitumia. Mstari wa tatu unasema video yote itakayorekodiwa usiku huo ni mali ya hoteli milele. Tumeuzungushia wino mwekundu, na Jumatatu atarudi kuwauliza.