Kusachi kwenye kanzidata ni nini hasa, na kwa nini topiki yako "haina litrecha"

Kila msimu wa kuandika andiko la utafiti ukifika nasikia sentensi ileile kwa wanafunzi, topiki yangu haina litrecha, nimetafuta kote sijapata kitu. Ukimuuliza ametafuta wapi anakwambia Google, ukimuuliza aliandika nini anakuonyesha kichwa kizima cha utafiti wake, maneno kumi na nane, amekinakili kama kilivyo akakibandika pale juu akabonyeza. Litrecha, yaani kazi ambazo wengine wameshaziandika kuhusu mada yako, ipo jamani, tena nyingi, tatizo ni kwamba wengi tunafika chuo hatujawahi kuonyeshwa namna ya kuifikia, shule uliyosoma ilikuwa na kabati moja la vitabu na ufunguo anao mwalimu wa zamu, halafu mwaka wa tatu unaambiwa leta mapitio ya maandiko yenye rejea 40. Inaniuma kweli maana naona watu wanabadilisha topiki nzuri kabisa kwa sababu hiyo tu.

Tuanze na neno lenyewe. Kanzi ni hazina, kwa hiyo kanzidata ni hazina ya data, wengine wanaiita hifadhidata na mtaani tunasema databesi, ni kitu kilekile. Ya maktaba ya chuo ifikirie kama droo kubwa yenye kadi, kila makala au tasnifu ina kadi yake moja, na kwenye kadi kuna vyumba: jina la mwandishi, kichwa, jarida, mwaka, ikisiri (ule muhtasari mfupi wa makala), na maneno machache ya kueleza mada. Ukiandika neno ukabonyeza kutafuta, mashine inapita kwenye kadi na kuangalia herufi zako zipo au hazipo, basi. Nyingi hata hazisomi makala ndani, zinaishia kwenye kichwa, ikisiri na hayo maneno ya mada. Google ya kawaida inajaribu kubahatisha ulichokusudia, inakurekebishia na spelingi, kanzidata nyingi hazifanyi hivyo, zinachukua ulichoandika kama kilivyo. Kwa hiyo kusachi kwenye kanzidata maana yake ni kukisia maneno ambayo mwandishi wa ile makala aliyatumia, maneno yake yeye, ambayo mara nyingi siyo yale uliyonayo wewe kichwani.

Nichukue mfano nnaoupenda, mihogo. Tuseme uko SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, na unataka kuandika kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha mhogo chini ardhini huku juu majani yanaonekana hayana shida kubwa, mkulima anakuja kushtuka siku ya kuvuna. Ukiandika kichwa chako chote, pamoja na jina la wilaya na "a case study of", mashine inatafuta kadi yenye maneno yote hayo kwa pamoja na kadi hiyo haipo, lazima haipo, maana kazi yenye kichwa hicho ni ya kwako na bado hujaiandika. Toa maneno ya kujazia. Bakiza mawazo makubwa, hapa ni matatu tu: mhogo, ugonjwa, mahali.

Halafu kila wazo liulize, wenzangu wanaliitaje hili? Hapa ndipo kazi yote ilipo na ndipo watu wanaporuka. Mhogo kwa Kiingereza ni cassava, lakini watafiti wa Kongo na Burundi wanaoandika kwa Kifaransa watasema manioc, na wanasayansi wengine kwenye kichwa wanaweka jina la kitaalamu tu, Manihot esculenta. Ugonjwa ni cassava brown streak disease, ila wengi wanafupisha CBSD, na wale wa maabara wanaandika jina la virusi vinavyouleta badala ya jina la ugonjwa. Mahali ni Tanzania, sawa, lakini ukitaka kazi za zamani utakuta Tanganyika, na ukirudi nyuma zaidi ni German East Africa. Mpaka majina ya mbegu yana mtego: kuna aina ya mhogo inayouvumilia huu ugonjwa, huku kwetu inaitwa Namikonga, Kenya mhogo huohuo wanauita Kaleso, vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni mmoja. Mwanafunzi anayesachi Namikonga peke yake anakosa kazi za Pwani ya Kenya bila kujua kama amezikosa. Na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kanzidata haikwambii ulichokosa, inakuletea ulichoomba na kukaa kimya.

Sasa haya maneno unayaunganishaje. Kuna jamaa mmoja Mwingereza, George Boole, alizaliwa 1815, mtoto wa fundi viatu, hesabu alijifunza kwa sehemu kubwa mwenyewe mpaka akaja kuwa profesa kule Cork, Ireland, na mwaka 1854 akatoa kitabu kuhusu namna ya kuandika fikra za mantiki kama hesabu. Alifariki 1864, kompyuta hakuna. Lakini vile viunganishi vya mantiki yake ndivyo unavyoandika leo kwenye kanzidata nyingi: AND, OR, NOT, kwa herufi kubwa, na lazima kwa Kiingereza maana mashine haielewi "na" wala "au".

Na hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo, angalia. Kwa mama ntilie ukisema wali na maharage unaongezewa chakula, kwa hiyo kichwani "na" ni kuongeza. Kwenye kanzidata AND inapunguza: inakuletea sahani zenye wali na maharage vyote viwili, yenye wali mtupu inaachwa, yenye maharage matupu inaachwa. Ukiulizwa chai au kahawa unachagua moja, kwa hiyo "au" tunaisikia kama kubana. Kwenye kanzidata OR inapanua, inaleta wenye chai, wenye kahawa, na waliokunywa vyote. Ukishalishika hili umemaliza nusu ya safari. Visawe vya wazo moja unavifunga kwa OR, cassava OR manioc OR Manihot, unavizungushia mabano ili mashine ivione kama kitu kimoja, kisha wazo hilo unaliunga na linalofuata kwa AND. Mabano usiyasahau, kuna kanzidata kama PubMed zinasoma kutoka kushoto kwenda kulia, ukiacha mabano unapata jibu la swali ambalo hukuuliza.

NOT naomba uiogope. Mtu anaona matokeo ya Uganda yamekuwa mengi, anaandika NOT Uganda. Ukifanya hivyo umetupa kila makala iliyolinganisha Tanzania na Uganda, na kwa magonjwa ya mihogo Uganda huwezi kuikwepa, ndiko batobato kali ilikovuma miaka ya 1990, na ndiko michirizi ilipokuja kuonekana nyanda za juu kuanzia 2004 wakati zamani watu waliamini ni ugonjwa wa pwani na maeneo ya chini tu. Neno moja NOT na sura yako ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, ina shimo.

Kuna alama mbili ndogo pia. Alama za kunukuu zinafunga maneno yakae pamoja kwa mpangilio huo, "brown streak" ikiwa ndani yake mashine haikuletei brown ya huku na streak ya kule. Nyota inakata mwisho wa neno, farm* inaleta farms, farmer, farmers, farming kwa mpigo mmoja. Google Scholar, ile Google ya makala za kitaaluma, haifuati hiyo nyota, yenyewe inajaribu kunyambua maneno kwa namna yake, ila kanzidata nyingine nyingi zinaifuata. Lakini sikiliza, kwa wanaosoma Kiswahili, au wanaotafuta tasnifu za Kiswahili kwenye katalogi, nyota haitusaidii sana, kwa sababu iliundwa kwa lugha zinazobadilika mkiani na sisi tunabadilika kichwani. Mkulima, wakulima, ukulima, kilimo, mzizi ni -lima au -limo lakini herufi za mwanzo zote zimehama, nyota ya mwisho inafanya nini hapo? Inabidi uandike mkulima OR wakulima OR kilimo kwa mkono. Na jina la lugha yenyewe vilevile, jarida moja linaandika Kiswahili lingine Swahili, ukitafuta moja umeacha nusu ya wenzako. Sijaona mwongozo wa maktaba unaolisema hili na nadhani kila chuo cha ukanda huu kingeliweka ukurasa wa kwanza.

Sasa kuhusu yale maneno ya mada kwenye kadi. Kuna watu, na siku hizi programu za kompyuta pia, kazi yao ni kupitia makala na kuzibandika lebo moja rasmi hata kama mwandishi alitumia neno lingine. Maarufu zaidi ni orodha ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, MeSH, ipo tangu 1960, na ndiyo iliyo nyuma ya PubMed yenye kumbukumbu zaidi ya milioni 35 na ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Wa Muhimbili mnaifahamu. Ukiandika heart attack inakupeleka yenyewe hadi myocardial infarction kwa sababu ndiyo lebo. Kwa hiyo ukipata makala moja tu nzuri, moja, usiifunge haraka, shuka chini ukaangalie imebandikwa lebo gani, zinakili, sachi upya na hizo. Hii mbinu moja imeokoa watu wengi nnaowafahamu kuliko kozi nzima ya mbinu za utafiti.

Kupata kadi siyo kupata makala. Unafika unaona ikisiri tu na chini wanadai dola 30 na zaidi, bando lenyewe umeunganisha na jero ya mwisho. Usilipe, na usikate tamaa. Kuna mpango unaitwa Research4Life, ulianza 2002 na sehemu ya afya, Hinari, mwaka uliofuata ikaja ya kilimo, AGORA, iliyo chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na vyuo vya nchi zenye kipato cha chini na cha kati vinapata majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo. Tanzania imo. Neno la siri lipo maktaba, kwa mkutubi, na watu wanamaliza miaka 3 hawajawahi kwenda kuliomba. AJOL nayo inakusanya majarida ya Afrika tangu 1998 na mengi unapakua bure, na kazi za kwetu mara nyingi ziko hapo na siyo kwenye kanzidata kubwa za nje. Angalia pia hazina ya mtandaoni ya tasnifu ya chuo chako. Mkutubi mheshimu kwa kweli, nenda na swali lililoandikwa kwenye karatasi, siyo "naomba nisaidie litrecha", mwambie nimesachi wapi, kwa maneno gani, nimekwama hapa, utashangaa atakavyokaa na wewe.

Njia ya mwisho haihitaji maneno kabisa. Ukiwa na makala nzuri soma orodha yake ya rejea, hapo unarudi nyuma, na kwenye Google Scholar bonyeza palipoandikwa Cited by uone nani waliitumia baadaye, hapo unaenda mbele. Wazo la kuorodhesha nani kamnukuu nani ni la Mmarekani Eugene Garfield, alilitoa 1955 na orodha yake ya kwanza kubwa ya sayansi ikatoka 1964. Ukifuata mnyororo wa michirizi kurudi nyuma unafika 1936 kwa H. H. Storey, aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza akiwa Amani, kulekule Usambara, Tanga. Ukifuata wa batobato unafika 1894 kwa Mjerumani Warburg, aliyeuandika hukuhuku kwetu pia na akauita Kräuselkrankheit. Hakuna neno la Kiingereza ambalo lingekupeleka kwenye hiyo makala, rejea za wengine ndizo zinakufikisha.

Nimeona pia siku hizi watu wanaomba rejea kwa programu za akili bandia. Kukupa visawe zinakupa vizuri, tumia. Ila rejea zenyewe zinaweza kutunga, jina la mwandishi wa kweli, jarida la kweli, makala haipo duniani, rejea hewa kama wale wafanyakazi hewa. Kila rejea ifungue kwa macho yako, tafuta namba yake ya DOI, ile namba ya utambulisho ya makala mtandaoni, kama haifunguki popote iondoe.

Na daftari liwe pembeni tangu siku ya kwanza. Andika tarehe, kanzidata gani, maneno uliyoandika herufi kwa herufi pamoja na mabano yake, yalikuja matokeo mangapi, umebakiza mangapi na kwa nini mengine umeacha. Matokeo 4,000 yanamaanisha ongeza wazo moja kwa AND, matokeo 2 yanamaanisha ongeza visawe kwa OR au toa jina la wilaya. Supavaiza akikuuliza una uhakika gani hakuna aliyefanya kazi hii, unamfungulia ukurasa huo.