Je, wajua kwa nini bendera ya California ina dubu asiyekuwepo tena?

Dubu aliye kwenye bendera ya California, jimbo la magharibi mwa Marekani, humpati tena porini. Aliwindwa kwa bunduki, mitego na sumu hadi akatoweka katika miaka ya 1920. Amefikaje kwenye bendera?

Turudi mji wa Sonoma, alfajiri ya 14 Juni 1846. California ilikuwa chini ya Mexico. Kundi dogo la walowezi wa Kimarekani lilimkamata Mariano Vallejo, jenerali wa Mexico, nyumbani kwake, kisha likatangaza jamhuri. Jamhuri ikahitaji bendera siku hiyohiyo. William Todd, jamaa wa mke wa Abraham Lincoln, akachora nyota na dubu kwenye kitambaa cha pamba, na chini yake ukashonwa ukanda mwekundu. Waliomwona dubu huyo walidhani ni nguruwe! Tarehe 9 Julai bendera ikashushwa, ya Marekani ikapanda. Ile ya Todd iliteketea San Francisco mwaka 1906, katika moto uliofuata tetemeko la ardhi.

Jimbo liliirudisha rasmi bendera ya dubu mwaka 1911. Mwaka huohuo alikufa Monarch, dubu aliyekamatwa 1889 kwa agizo la mwenye magazeti William Randolph Hearst na kufugwa San Francisco. Mchoro ulipowekewa kipimo kimoja mwaka 1953, Monarch ndiye aliyefuatishwa. Inaniuma kwamba mfano wa mnyama wa porini ulitoka kwa mfungwa.

Muhuri wa jimbo nao una dubu, ila mdogo, akila zabibu miguuni pa Minerva, mungu wa kike wa Warumi aliyeketi na mkuki na ngao. Nyuma yake mchimba dhahabu anapiga sururu, meli zinapita, milima imesimama. Juu kuna neno la Kigiriki, Eureka, yaani “nimeipata”.

Kwa nini Minerva? Warumi walisimulia kwamba alitoka kichwani mwa Jupiter akiwa mtu mzima tayari, hakupitia utoto. California nayo iliingia kwenye muungano tarehe 9 Septemba 1850 ikiwa jimbo kamili, bila kuwa kwanza eneo linalotawaliwa kutoka Washington. Na wajumbe wa mkutano wa katiba waliopitisha muhuri huo huko Monterey mwaka 1849 hawakusubiri ruhusa: walichora nyota 31, wakati Marekani ilikuwa na majimbo 30 tu.