Si Pleibaki, Ami

Ijumaa usiku niliitwa nyumba moja mtaa wa Langoni, hapa Lamu, nikaitazame sabufa. Nikakuta watu wamejaa mkekani, na kwenye televisheni inaenda Hamilton, ile tamthilia ya kuimba iliyopigwa picha jukwaani New York. (Flashi ilitoka wapi, usiniulize.) Hata viatu sijavua, mwenye nyumba kanidaka: "Fundi, hawa hawaimbi. Wafungua makanwa tu. Ni pleibaki hii."

Basi. Miaka yote ninayofunga mitambo ya harusi na Maulidi nimeyasikia maneno haya mpaka masikio yameota sugu.

Hoja huwa mbili. Ya kwanza, eti maiki haionekani. Ipo, ndogo kama punje ya mchele, imefichwa kwenye nywele juu ya paji la uso, waya wake umepita chini ya wigi hadi kwenye transmita iliyofungwa mwilini. Adui yake mkubwa ni jasho. Tuendelee.

Ya pili ndiyo inayonichemsha damu. "Mbona kamera ikiwa mbali sauti haipungui?" Ingepungua kama maiki ingekuwa juu ya kamera, kama simu yako unapomrekodi bibi harusi ukiwa nyuma ya ukumbi, halafu kesho unanilaumu mimi kwamba spika zilikuwa mbovu. Maiki ya jukwaani haiandamani na kamera, inaandamana na mdomo. Kutoka paji la uso hadi mdomoni ni shibiri isiyotimia, na mwigizaji akikimbia, akipanda ngazi, akikupa mgongo, shibiri ni ile ile. Kamera irudi nyuma mita 20, maiki haina habari. Wewe mwenyewe siku ya Maulidi umekaa nje kule msikiti wa Riyadha, msomaji humwoni hata kilemba, sauti inakujia kutoka spika iliyo karibu nawe, safi kabisa. Mbona hujawahi kuniambia ni pleibaki?

Na kichekesho ni kwamba shutuma hii inaifaa sinema. Kwenye filamu za kuimba, desturi ni kurekodi wimbo studio kwanza, kisha mwigizaji anaufuatisha kwa mdomo mbele ya kamera. Ndiyo maana Les Misérables ya sinema, ya mwaka 2012, ilizungumzwa sana: waliimba papo hapo huku wanapigwa picha.

Sasa, ami yule mwenye nyumba nilimwomba radhi kimoyomoyo, maana nilipotulia nikatazama midomo, kweli haikuoana na sauti. Kosa lilikuwa la sabufa. Walikuwa wameiunganisha kwa Bluetooth, na Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Televisheni nyingine hujua kuisubiri, nyingine hazina habari. Kuchelewa kidogo mtu huvumilia, hadi kama milisekunde 125, kwa sababu tumezoea. Simama ufukweni umtazame fundi wa jahazi akipiga kalafati: nyundo imeshashuka, mlio ndio kwanza unakufikia. Ukiwa mita 40 kutoka kwake, umechelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hakuna anayeshtuka. Sauti kutangulia ndiyo kioja, maana duniani haitokei. Hapo milisekunde 45 tu zinatosha kukukera. Kwa hiyo ukiingia kwenye mipangilio ya televisheni kurekebisha, nenda pole pole, usipitilize upande wa pili. Au fanya nilivyofanya mimi: toa Bluetooth, chomeka waya.

Hata hivyo sitaapa kwamba kila pumzi unayoisikia ni ya usiku mmoja. Hamilton ilipigwa picha Juni 2016 katika ukumbi wa Richard Rodgers, maonyesho mawili mbele ya watazamaji, na baadhi ya nyimbo zikarudiwa ukumbi ukiwa mtupu ili kamera ziweze kupanda jukwaani. Baadaye mafundi wakakaa kwenye miksa wakaunganisha. Kuna mahali nasikiliza na hedifoni kubwa nikitafuta mshono, siupati. Zipo pia tamthilia zinazochomeka sauti za kwaya zilizorekodiwa, ngoma ikiwa nzito na wachezaji wanahema. Hiyo ni pleibaki au si pleibaki? Mimi nasema kidogo ni. Mwenzangu tunayefanya naye kazi anasema si, na hatujapatana mpaka leo.

Basi nikachomeka waya, tukarudisha nyuma hadi pale mfalme wa Uingereza anapoimba. Kamera ipo usoni pake kabisa, Jonathan Groff anaimba kwa nguvu mpaka mate yanamruka na kumchuruzika kidevuni. Nikamgeukia ami: haya, na hii ni pleibaki? Ami akanyamaza. Aliyejibu ni bibi, ambaye tangu niingie hakuwa amesema neno.

"Mpeni kitambaa apanguse."