Kingamwili tiba: kinga ya kuazima dhidi ya malaria

Mtu akisikia kuna sindano mpya ya malaria, linalomjia kwanza ni chanjo. Akiambiwa si chanjo, basi ataiweka kwenye kapu la dawa, pamoja na kwinini na dawa mseto. Kingamwili tiba haziingii vizuri kwenye kapu lolote kati ya hayo mawili, na hata neno "tiba" lililogandishwa kwenye jina lake linapotosha kidogo, kama tutakavyoona.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y. Mwili huitengeneza wenyewe unapovamiwa. Ncha zake mbili za juu zimefinyangwa kushika umbo moja tu: kingamwili ya surua haina habari na malaria. Zinazozitoa ni seli za damu ziitwazo seli B, na kila seli B hutoa aina yake moja, basi. Chanjo huuonyesha mwili sura ya adui ili seli hizo zijifunze kazi. Kingamwili tiba zinatengenezwa nje ya mwili na mtu anadungwa zikiwa tayari. Mwili haujifunzi chochote. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii inasitiri, tena kuanzia siku ileile, ila ina siku zake za kurudishwa.

Utazisikia pia zikiitwa kingamwili za monokloni. Maana yake ni kwamba zote zimetoka kwenye ukoo mmoja wa seli, kwa hiyo zinafanana kama mapacha. Njia ya kuzipata ilibuniwa mwaka 1975 huko Cambridge na Georges Köhler na César Milstein, waliounganisha seli B ya panya na seli ya saratani: ya kwanza inajua kutengeneza kingamwili, ya pili haijui kufa. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Leo hospitali zinatumia dawa za namna hii dhidi ya saratani, na rituximab na trastuzumab ni baadhi yake.

Katika malaria wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko mbinu hiyo. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na S. Carrington walichapisha kazi waliyoifanya Gambia. Walichuja kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima waliougua malaria mara nyingi tangu utotoni, wakawadunga watoto wagonjwa. Vimelea kwenye damu ya watoto vikapungua kwa kasi. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kinga ya mtu mzima dhidi ya malaria inaweza kutolewa ndani yake na kupewa mwingine. Lakini ule ulikuwa mchanganyiko wa kila aina ya kingamwili. Zipi hasa zilifanya kazi? Swali hilo limewapa wanabiolojia wa molekuli kazi ya miongo kadhaa.

Ugumu wake unatokana na tabia ya kimelea. Mbu jike anapouma huacha kwenye ngozi vimelea vichache viitwavyo sporozoiti, mara nyingi makumi tu. Vinatambaa hadi vipate mshipa, na vikishaingia kwenye damu, ndani ya dakika chache vinafika kwenye ini. Huko kila kimoja hujifungia ndani ya seli, na baada ya takriban wiki moja hutoka maelfu kwa maelfu ya vimelea wa sura nyingine, merozoiti, ambao huvamia seli nyekundu za damu. Homa huanza hapo. Mtu akiwa kitandani anatetemeka, tayari ana vimelea kwa mamilioni, na vingi vimejificha ndani ya seli ambamo kingamwili haiwezi kupenya.

Dawa ya kawaida inapenya. Molekuli ya artesuneti ni ndogo mno. Kingamwili moja ina uzito wa karibu mara 400 yake. Ndiyo maana dawa inamezwa ikaingia hadi ndani ya kimelea, wakati kingamwili ukiimeza tumbo litaimeng'enya kama nyama ya mchana. Inabidi idungwe, na inabidi imkute kimelea akiwa nje, njiani. Nafasi nzuri kuliko zote ni zile dakika za mwanzo, vikiwa makumi na bado havijafika kwenye ini.

Sporozoiti ana umbo jembamba lililopinda kidogo. Ukimweka kwenye kioo chini ya hadubini, anateleza akizunguka mduara, na nyuma yake anaacha mchirizi wa protini iliyomfunika kama koti, CSP. Sehemu ya katikati ya koti hilo ni mchezo wa kurudiarudia: asidi za amino (matofali yanayoijenga protini) nne zilezile, asparagini, alanini, asparagini, prolini, mara kadhaa mfululizo. Chanjo za RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023, zote zimejengwa juu ya kipande cha protini hii. Kingamwili nzuri ikimnasa sporozoiti, mwendo unakwama na koti linaanza kumvuka. Asiyeweza kuteleza haufikii mshipa, sembuse ini.

Sasa, kingamwili nzuri inapatikanaje? Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walianzia kwa mtu wa kujitolea aliyechanjwa kwa sporozoiti wazima waliodhoofishwa. Katika damu yake walizitenga seli B zilizomtambua kimelea, wakasoma jeni za kila seli, wakaziingiza jeni hizo kwenye seli za maabara ili zitoe kingamwili ileile kwa wingi. Halafu zikapimwa kwa panya. Hapa pana ujanja ninaoupenda: Plasmodium falciparum, kimelea wa malaria ya binadamu, haambukizi panya wa kawaida, kwa hiyo kimelea wa panya alivalishwa koti la falciparum kwa kubadilishiwa jeni. Iliyong'ara ikaitwa CIS43. Haishiki tu sehemu ile ya marudio. Inashika zaidi mahali yanapoanzia, karibu na pale koti linapokatwa ili kimelea aingie kwenye seli ya ini.

Kisha jina likaongezwa herufi mbili, CIS43LS, na herufi hizo zina kisa chake. Kingamwili ya kawaida hupungua kwa nusu katika muda wa wiki tatu hivi. Seli za mishipa huimeza mara kwa mara, na humo ndani kuna kipokezi kinachoikamata na kuirudisha kwenye damu, inayoponyoka huharibiwa. Watafiti walibadilisha asidi za amino mbili kwenye mguu wa ile Y, wakaweka lusini na serini, L na S. Kipokezi kikaishika kwa nguvu zaidi, na muda wa kupungua kwa nusu ukafika takriban siku 56. Asidi mbili tu kati ya zaidi ya elfu moja.

Jaribio la wazi zaidi lilifanyika Mali, Kalifabougou na Torodo, kwa watu wazima 330, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Dripu moja ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito iliwakinga dhidi ya maambukizi kwa asilimia 88.2 katika wiki 24 za msimu wa malaria. Lakini kabla ya dripu, washiriki walipewa kwanza dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini kusafisha vimelea waliokuwa nao tayari. Jambo hilo hupitwa haraka na wasomaji, nalo ndilo linaloeleza dhana yote: kingamwili hii haimtibu mgonjwa. Vimelea wa kwenye seli nyekundu wameshalivua koti la CSP, na kingamwili inayotafuta koti haiwaoni.

Tena piga hesabu. Mtu wa kilo 60 alihitaji gramu 2.4 za protini iliyosafishwa, kwa dripu, kwa mwaka mmoja. Kwa sehemu yenye mamilioni ya watoto hilo halibebeki. Ndiyo sababu ya L9LS, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, anayeweza kudungwa chini ya ngozi kwa dozi ndogo. Katika jaribio la watoto wa miaka 6 hadi 10, Mali pia, matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba sindano ya miligramu 300 ilizuia malaria yenye dalili kwa asilimia 77 ndani ya miezi sita. Kwa maoni yangu, namba ya kuangaliwa sana hapo ni ile miligramu 300 kuliko asilimia yenyewe.

Je, vimelea hawatazoea, kama walivyoizoea klorokwini? Wanaweza. Lakini usugu ni bahati nasibu ya mabadiliko ya jeni, na anayenunua tiketi nyingi ndiye anayeshinda. Dawa hupambana na vimelea mamilioni hata mabilioni ndani ya mgonjwa mmoja; kingamwili ya sporozoiti inapambana na makumi. Hilo ni tumaini lenye mantiki, si hakikisho, na haliwaondolei watafuta dawa kazi yao, maana mabadiliko ya jeni ya Kelch13 yanayodhoofisha nguvu ya artemisinini, yaani jamii ya dawa za akina artesuneti na artemeta, yalitambuliwa mwaka 2014 na sasa yapo Afrika Mashariki.

Sporozoiti si shabaha pekee. Kuna kingamwili zinazolenga RH5, protini ambayo merozoiti anaitumia kama ufunguo wa kuingilia seli nyekundu, ingawa zenyewe zina muda mfupi ajabu wa kufanya kazi, kwa sababu merozoiti hakai nje muda mrefu. Na kuna TB31F, iliyojaribiwa kwa watu wa kujitolea Uholanzi. Hii inashika protini ya vimelea wa jinsia, wale wanaosubiri kunyonywa na mbu. Anayedungwa hapati nafuu yoyote yeye mwenyewe. Mbu akimuuma anainywa kingamwili pamoja na damu, na kazi inafanyika huko, ndani ya tumbo la mbu.