Kahawa haikati pombe, wala haikati diazepamu

Jamani hii ya "nimeshapiga kahawa chungu, niko fresh, naendesha" naisikia hapa dirishani famasi kila wikiendi, halafu Jumatatu inarudi kivingine, mtu kameza diazepamu (dawa ya kutuliza na kulaza) usiku, asubuhi anajishtua na enaji awahi kazini. Eti kahawa inakata. Haikati!

Iko hivi. Adenosini, kemikali inayoleta usingizi, inajaa kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho, ikishika vipokezi vyake (siti zake kwenye seli) vya A1 inazipoza seli za kukuweka macho, na kwenye vile vya A2A inazichangamsha seli za haipothalamasi (sehemu ya chini ya ubongo) zinazomwaga GABA, kemikali ya kupoza seli, na seli hizo ndo zinazima vituo vya kuamka. Kwa hiyo kwenye usingizi wa kawaida adenosini na GABA wanasaidiana. Kafeini ya kwenye kahawa na enaji yeye ni abiria tu aliyewahi siti ya adenosini kwenye daladala, mwenye siti kasimama mlangoni anasubiri, kafeini akishuka wote waliokuwa wamesimama wanakaa kwa mpigo, ndo ule usingizi unaokukamata ghafla ukiwa kwenye usukani.

Sasa pombe na diazepamu ziko kwingine, kwenye kipokezi cha GABA kinachoitwa GABA-A, zinasaidia GABA ifungue zaidi mlango wa kuingiza kloraidi kwenye seli, seli inazubaa, breki unakanyaga umechelewa. Huko kahawa yako ya vikombe viwili vitatu haifanyi chochote cha maana. Ukichanganya unapata mlevi aliye macho, basi, na kwa vile hujioni umelewa unaagiza nyingine. Wamarekani hadi FDA yao (mamlaka ya chakula na dawa) mwaka 2010 iliwaandikia barua za onyo kampuni zilizokuwa zinatia kafeini kwenye pombe. Kinachotoa pombe ni ini, na ini halina haraka, bia ya nusu lita yenye asilimia 5 inakula saa mbili au zaidi. Diazepamu ndo usiseme, nusu yake inaweza kuwa bado imo mwilini siku ya pili. Funguo mpe mtu mwingine, mi sina ushauri mwingine hapo.

"Mie kahawa hainifanyi kitu, nalala fofofo." Unalala ndio, ila usingizi mzito umepungua. Kwa watu wengi nusu ya kafeini ya saa kumi na moja jioni bado ipo saa nne usiku, na dada unayemeza vidonge vya majira inakaa karibu mara mbili ya hapo. Mwisho saa nane mchana, hata kama ni tangawizi-kahawa ya kijiweni.

Na vile vidonge vya GABA yenyewe vinavyouzwa mtandaoni? GABA ya kumeza inapenya kwa shida sana kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Hiyo hela kanunue chandarua.

Na wewe uliyemeza diazepamu wiki kadhaa halafu unaniambia "nimeshapona, naacha leo leo", ubongo umeshazoea, ukikata ghafla unaweza kupata degedege ukubwani. Rudi kwa daktari akushushie dozi kidogo kidogo, na kipindi hicho kahawa ipunguze, utatetemeka bure.